Kijapani mtandaoni kwa mwanafunzi wa sekondari: mwalimu wa peke yako, darasa la kundi au kozi ya bure?

Kijapani hakitahiniwi kwenye KCSE wala kwenye mitihani ya NECTA. Kwa hiyo kijana wa sekondari wa Nakuru, Tanga au Unguja aliyekipenda, iwe ni kwa sababu ya katuni, magari au ndoto ya kusomea uhandisi Tokyo, karibu kila mara ataishia mtandaoni. Huko atakuta njia tatu kubwa: mwalimu wa peke yake kwa simu ya video, darasa la kundi lenye ratiba yake, na kozi ya kujisomea isiyolipiwa. Zipo pia programu za simu. Hizo nitazigusa kwa kifupi tu, maana sifa wanazopewa zimezidi kazi wanayofanya.

Wengi huanza kwa kuuliza bei. Mimi ningeuliza kwanza nani atakusahihisha ukikosea, kisha kalenda ya shule yako inakuruhusu nini. Bei ije ya tatu. Sababu yangu ni hesabu ndogo. Taasisi ya serikali ya Marekani inayowafundisha wanadiplomasia wake lugha hukiweka Kijapani kwenye kundi gumu kuliko yote kwa mzungumzaji wa Kiingereza, takriban saa 2,200 za darasani. Wewe hutafuti kufika huko ukiwa kidato cha tatu. Lakini saa moja ya mwalimu kwa wiki, hata usikose wiki moja, ni saa 52 kwa mwaka, na hakuna aliyewahi kujua lugha kwa saa 52. Kusoma kwenyewe kutafanyika nje ya somo, upende usipende. Saa ya mwalimu ni ghali mno kuitumia kujifunzia herufi.

Saa sita za tofauti

Japani iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa sita, na hawana desturi ya kusogeza saa wakati wa kiangazi. Hapo msemaji wa Kiswahili ana bahati yake: saa unayoitaja kwa Kiswahili ndiyo anayoisoma mwalimu wako ukutani kule Osaka. Ikiwa Nairobi au Dodoma ni saa nne asubuhi, mshale wake uko kwenye 4, ila kwake ni alasiri. Ikiwa kwetu ni saa nane mchana, wake uko kwenye 8 na giza limeshaingia. Walio Kigali, Bujumbura na Bukavu wao wana tofauti ya saa saba, hivyo hila hii haiwasaidii.

Sasa weka ratiba ya shule juu ya saa hizo. Mwanafunzi wa kutwa anafika nyumbani saa kumi na moja jioni. Akioga, akila, akifungua daftari, ni saa moja usiku, na Japani watu wamelala. Siku za shule, basi, mwalimu anayeishi Japani hapatikani, labda alfajiri kabla ya daladala au matatu ya kwanza. Kinachobaki ni Jumamosi na Jumapili, kuanzia asubuhi hadi saa tisa mchana hivi, na hizo ndizo saa zinazogombaniwa na madrasa, kanisa, tuisheni na nguo za kufua. Wa bweni hana hata hizo, kwa sababu simu hairuhusiwi. Yeye ana likizo tu.

Jambo hili peke yake huwaondolea wengi nusu ya machaguo, na ni afadhali ulijue kabla ya kulipa.

Mwalimu wa peke yako

Kwenye majukwaa kama italki na Preply walimu hujipangia bei wenyewe, kwa hiyo utakuta tofauti kubwa kati ya mmoja na mwingine. Utaratibu wa malipo nao si mmoja. italki huuza somo mojamoja, na huwatenga walimu waliosomea ualimu na wazungumzaji wa kawaida, ambao aghalabu bei yao iko chini. Preply, ukimaliza somo la majaribio, hukuingiza kwenye malipo yanayojirudia kila baada ya wiki nne. Mtu mzima mwenye mshahara atasema huo ndio utaratibu unaomlazimisha kusoma. Mwanafunzi wa bweni anaweza kukatwa pesa huku simu yake imefungiwa kabatini kwa mama, asipokumbuka kusimamisha malipo kabla shule haijafunguliwa.

Unachokinunua hapa ni sikio. Wengi huambiwa Kijapani ni rahisi kwetu kutamka kwa sababu kina irabu tano kama Kiswahili na silabi zake nyingi huishia kwa irabu. Ni kweli, na ndiyo maana mwanafunzi wetu husikika vizuri mapema kuliko wengi. Lakini sisi tumezoea kuikazia silabi ya pili kutoka mwisho na kuivuta kidogo. Kijapani urefu wa irabu hubadilisha maana. "Biru" ni jengo, "biiru" ni bia, na ulimi wa Kiswahili, ukifuata mazoea yake, humpeleka mtu kwenye bia kila anapotafuta jengo. Kozi ya kujisomea haitakuambia. Programu ya simu itakupa alama ya kijani. Mwalimu aliye makini atakukatiza hapohapo, na atakukatiza tena wiki ijayo.

Kwa hiyo somo la majaribio ulitumie kupima jambo hilo moja: anakukatiza au anatabasamu tu? Wapo wenye heshima iliyopitiliza, mnapiga soga dakika thelathini, unatoka umefurahi na makosa yako yote mfukoni. Mpelekee sentensi kumi ulizoziandika mwenyewe. Akizirudisha zimepigwa mistari, huyo anakufaa.

Jingine la kuangalia ni lugha anayokufundisha kuzungumza. Mzungumzaji wa kawaida, hasa kijana, hupenda kufundisha maumbo ya kirafiki, yaleyale yanayosikika kwenye katuni. Kozi nyingi rasmi huanza na maumbo ya adabu, yale ya "desu" na "masu". Mtoto aliyelelewa kuamkia "shikamoo" haoni ajabu yoyote kwamba mkubwa husemeshwa tofauti na rika, na ni afadhali aanze na adabu, maana kushuka kwenda kwenye lugha ya marafiki ni rahisi kuliko kupanda.

Je, awe Mjapani, au Mkenya na Mtanzania aliyesoma Japani? Hapa sikubaliani na wanaosema mzawa ni bora daima. Kwa miezi ya mwanzo, mwalimu wa kwetu ana mambo mawili ambayo mzawa hana: anaishi kwenye saa zako, na anaweza kukueleza sarufi kwa Kiswahili. La pili lina uzito kuliko linavyoonekana. Kitenzi cha Kijapani hubeba viambishi mwishoni kama chetu. "Naku" ni lia, "nakaseru" ni liza, "nakaserareru" ni lizwa. Vitabu vinavyoeleza kwa Kiingereza hutumia kurasa kadhaa kwenye maumbo hayo, kwa sababu Kiingereza hulazimika kuongeza maneno mengine pembeni ya kitenzi. Mwalimu anayejua Kiswahili atayamaliza ubaoni kwa dakika chache na wewe utaelewa, kwa sababu unayafanya kila siku. Mtu kama huyo muulize tu ana cheti cha ngazi gani. N2 au N1, ngazi mbili za juu za mtihani wa Kijapani uitwao JLPT, inatosha kumwamini. Baadaye, ukishaweza kusimulia ulichofanya jana bila kusitasita, ndipo Mjapani wa Jumamosi saa nne asubuhi anapokuwa na thamani ya pesa yake.

Darasa la kundi

Darasa la kundi mara nyingi ni nafuu kwa saa, lina mtaala, kazi za nyumbani na wenzako wa kukuonea aibu. Kwa mtu ambaye akiachwa peke yake hulala, aibu hiyo ni msaada mkubwa.

Lakini piga hesabu ya kuzungumza. Wanafunzi kumi, saa moja, mwalimu anaeleza nusu ya muda: umebaki na dakika tatu za mdomo wako. Tena kundi halikusubiri. Wiki mbili za mitihani ya katikati ya muhula zikipita na hukuhudhuria, ukirudi wenzako wanatumia umbo la -te, ambalo karibu kila kitu baada yake kimejengwa juu yake: kuomba, kuunganisha vitendo, kusema unachofanya sasa hivi. Ukilikosa hilo, wiki zinazofuata utakuwa msikilizaji tu.

Kwa mwanafunzi aliye katikati ya masomo ya kawaida silipendekezi, labda liwe darasa la likizo linaloanza na kuisha likizoni. Kwa aliyemaliza shule anayesubiri chuo, ni hadithi nyingine. Nitamrudia.

Kozi za bure

Hapa watu hudharau kwa sababu hakuna malipo, na ndipo penye hazina kubwa kuliko zote.

Japan Foundation, taasisi ya umma ya Japani inayosambaza lugha na utamaduni wake, ina jukwaa liitwalo Minato. Unajisajili, unachukua kozi za kujisomea tangu A1, yaani ngazi ya mwanzo kabisa, na hulipi. Taasisi hiyohiyo imetoa Irodori, kitabu cha masomo kilicholenga maisha na kazi nchini Japani: kununua vitu, kwenda hospitalini, kuelewa tangazo la treni. Kina juzuu ya kuanzia ya A1 na mbili za A2, ngazi inayofuata, na zote, pamoja na sauti zake, hupakuliwa bure kwenye intaneti. Kisha kuna NHK WORLD-JAPAN, idhaa ya kimataifa ya Japani, ambayo ina masomo mafupi ya sauti yenye maelezo kwa Kiswahili. Mfululizo mmoja una masomo 48 na unamfuata Tam, msichana kutoka Vietnam aliyekwenda kusoma Japani. Kwa anayeona Kiingereza ni mzigo wa pili, ningemwambia aanze hapo kesho.

Na kuna faida ambayo wa bweni asiiache ipite. Karatasi hairuhusiwi na nani? Pakua juzuu ya kwanza ya Irodori ukiwa nyumbani, nenda nayo kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi, ifunge kwa waya, iingie kwenye sanduku pamoja na sabuni. Hiragana ni herufi 46 za msingi, katakana 46 nyingine. Hizo zote zinaingia kichwani kwa kalamu na daftari la mistari, bila bando, bila umeme, kwa dakika kumi baada ya prepu. Kanji, zile alama zenye asili ya Kichina, nazo hupenda mkono: Wajapani wenyewe hutarajiwa kuzijua 2,136 za matumizi ya kawaida, na watoto wao wa darasa la kwanza huanza na 80. Ukirudi likizoni na hizo 80 ukiziandika kwa mpangilio sahihi wa mistari, umewapita wengi waliolipa.

Udhaifu wake unajulikana. Hakuna anayesoma sentensi yako mbovu. Unaweza kukaa mwaka mzima ukiamini unazungumza, kumbe unatambua tu unachokisikia. Na kozi ya bure huachwa bila maumivu, kwa sababu hakuna pesa iliyopotea.

Programu za simu

Duolingo ni nzuri kwa kuonja na kwa kuzoea herufi. Wanaoitumia kama kozi kamili hujua kusema kwamba wali ni mtamu na hawajui kwa nini sentensi imepangwa hivyo. Kama simu yako ina nafasi ya programu moja tu, weka Anki ya kadi za kumbukumbu. Kwenye Android, AnkiDroid hailipiwi, inafanya kazi bila intaneti, na hukuletea neno ulilokaribia kulisahau badala ya ulilolijua tangu mwezi jana. Haina urembo wowote. Vumilia.

Bando, kadi na mzazi

Simu ya video ya saa moja inaweza kumeza karibu gigabaiti moja, na ukiwa kwenye kundi lenye nyuso nyingi huzidi. Masomo ya sauti ya NHK na faili za Irodori ni vitu unavyopakua mara moja na kusikiliza mwezi mzima. Kwa hiyo unapolinganisha bei ya mwalimu na ya darasa, jumlisha bando kwenye zote mbili. Wakati mwingine mwalimu anayekubali mzungumze kwa sauti tu, na maandishi kwenye ukurasa mlioufungua wote, hukuokolea pesa ya somo jingine.

Kuhusu malipo, majukwaa ya nje hutaka kadi. Kadi ya mtandaoni inayotengenezwa kupitia M-Pesa hufanya kazi kwa wengi, lakini laini imesajiliwa kwa jina la mzazi na pesa ni ya mzazi, kwa hiyo hakuna njia ya kumkwepa, na wala isitafutwe. Ni mazungumzo ambayo vijana wengi huyaharibu kwa kuanza na bei ya saa. Mama akisikia "dola kumi kwa saa" anaona shimo lisilo na mwisho. Afadhali umwambie hivi: "Mama, naomba masomo manne tu likizo hii, jumla yake ni kiasi hiki, na bando lake hili hapa. Kitabu nimeshapata bure." Hapo anakujibu kama mtu anayejadili jambo lenye mwisho. Na masomo yafanyikie sebuleni, mlango wazi. Majukwaa hutaka idhini ya mzazi kwa walio chini ya miaka 18, na mwalimu mwema hatashangaa mzazi akipita nyuma na kumsalimu.

Unataka kufika wapi nacho?

Mizani hubadilika kulingana na jibu. Kama lengo ni cheti, mtihani unaotambulika zaidi ni JLPT, wenye ngazi tano kuanzia N5 ya chini hadi N1 ya juu. Kwa Kenya hufanyika Nairobi, Desemba. N5 hupitwa kwa alama 80 kati ya 180, lakini pia kuna kiwango cha chini kwa kila sehemu: ukipata chini ya 19 kati ya 60 kwenye usikilizaji, umeanguka hata kama jumla yako ni nzuri. Jambo la kuzingatia katika ulinganisho wetu ni kwamba JLPT haina kuzungumza wala insha. Kwa N5, basi, kozi ya bure pamoja na kusikiliza kila siku vinatosha kabisa, na mwalimu wa kulipia si lazima.

Kama lengo ni ufadhili wa serikali ya Japani wa shahada ya kwanza, ule wa MEXT, wizara ya elimu ya Japani, unaoombwa kupitia ubalozi, soma kwa makini muda wake: kwa kawaida ni miaka mitano, kwa kuwa mwaka wa kwanza unatumika kujifunza lugha hukohuko. Mtihani wa kuchujwa una, miongoni mwa masomo mengine, hisabati na Kiingereza, na sayansi kwa wanaoomba kozi za sayansi. Nimeona vijana wakinunua masomo ya Kijapani huku hisabati ikiwadondosha. Anayelenga ufadhili huo asome Kijapani cha bure, na pesa ya mwalimu aipeleke kwenye tuisheni ya hisabati.

Na kama lengo ni kazi, visa ya ujuzi maalumu iliyoanza 2019 hutaka umri wa miaka 18 na lugha ya kiwango cha N4 au kufaulu JFT-Basic, mtihani wa Kijapani wa Japan Foundation. Irodori inalenga mazingira hayohayo ya kazi na maisha, hivyo anayeisoma hapotezi muda.

Nani achague kipi

Wa bweni: Irodori iliyochapwa, daftari, na masomo machache ya mwalimu wa peke yake kila likizo, yanayolipiwa mojamoja. Asijiunge na kundi, asiingie kwenye malipo ya kujirudia.

Wa kutwa mwenye simu: Minato au NHK siku za wiki, dakika ishirini zinatosha, Anki kwenye daladala, na mwalimu kila baada ya wiki mbili. Kama mwalimu ni wa hapa kwetu, jioni inawezekana. Kama yuko Japani, ni Jumamosi asubuhi au basi tena.

Aliye kwenye mwaka wa mtihani wa taifa: herufi tu, na aziache zikimchosha. JLPT ya Desemba humfikia mtahiniwa wa KCSE muda mfupi baada ya karatasi ya mwisho, na usajili wake hufungwa mapema, wakati akiwa kwenye mitihani ya majaribio. Sioni faida ya kujibanza hapo.

Aliyemaliza kidato cha nne au cha sita na anangoja chuo ndiye ambaye darasa la kundi lilitengenezwa kwa ajili yake. Ana simu, ana asubuhi nzima ambapo Japani ni mchana na alasiri, na hakuna kengele ya prepu. Anaweza kuhudhuria mara tatu kwa wiki bila kukosa, kulipita umbo la -te pamoja na wenzake, na bado akapata muda wa Irodori. Kabla ya kulipa aulize mambo matatu: kundi lina watu wangapi, wanatumia kitabu gani na wameshafika somo la ngapi, na akikosa kipindi kwa sababu ya umeme kukatika, kuna rekodi ya kutazama? Asiyejibiwa swali la tatu atafute kundi jingine.